Kijiji Kisicho na Moshi

Vijana wangu wa chumba cha ramani, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu vibaya. Keki tuliila, kosa likaishia tumboni. Mkaniomba pia niandike kidogo kuhusu kazi yetu, nami nimeandika. Vyeo sitavigusa, vilikuwa vichache. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitawasimulia jimbo letu la vijijini, lile linaloanza pale lami ya Kolwezi inapokoma na kuishia mahali ambapo hata pikipiki inashukwa na kusukumwa, na jinsi lilivyowachagua wabunge wake mbele ya macho yangu. Na nitawaambia habari za Kasonge. Wengi wenu mlisikia nikiitwa Tata Gome mkadhani ni jina la ukoo. Tata kwetu ni baba, na gome ni kile kifutio cha mwanafunzi, na jina hilo nililipata kwa haki kabisa.

Siku ya kwanza nilifika kazini nimevaa viatu vya kanisani. Nilikuwa mwalimu wa jiografia huku Manika, mtaa wa Kolwezi, nikachukuliwa kwa sababu nilijua kuchora mto bila kutetemesha mkono. Uchaguzi wa kwanza wa zama hizi ulikuwa unakaribia, na kulikuwa na wazee wenye wajukuu ambao hawakuwahi kumchagua mbunge kwa hiari yao. Kazi yangu ilikuwa kuandaa orodha ya vijiji, ili kila kijiji kijulikane watu wake watapigia kura wapi. Niliwekwa chini ya Tata Ilunga, mzee wa kutoka kaskazini aliyekuwa karani wa serikali tangu ujana wake. Alivitazama viatu vyangu, akanipakia kwenye pikipiki yake siku ileile. Jioni nilirudi na kiatu kimoja. Kesho yake nilikuja na mabuti ya mpira, naye akanisalimia kwa mara ya kwanza kama mwenzake.

Ninyi mna simu inayowaambia mko wapi hata msipouliza. Tata Ilunga alikuwa na ramani ya zamani iliyobandikwa juu ya kitambaa, ikikunjwa ndani ya mfuko mtupu wa unga ili isilowe. Alikuwa na kalamu ya wino, penseli, na buji, yaani plagi, moja ya akiba ya pikipiki aliyoifunga kwenye leso kama dawa. Mto aliuandika kwa wino, kijiji kwa penseli. Mto unakaa, alinieleza, lakini kwetu kijiji kinaweza kunyanyuka: shefu, mkuu wa kijiji, akifa, shamba likichoka, au mgodi ukihitaji udongo ulio chini yake, watu wanabeba milango yao na kwenda. Basi usiwe na haraka na wino.

Fundisho lake la pili lilikuwa kuhesabu moshi. Ukifika kijijini asubuhi, simama mbali kidogo, utazame. Usihesabu nyumba, kwa kuwa nyumba inaweza kujengwa ili uione, wala usimwulize mtu mwenye suti. Hesabu moshi wa majiko. Hakuna mama anayewasha moto alfajiri ili kumfurahisha karani. Nililipenda fundisho hilo mno, na mtaona lilivyonifikisha.

Uchaguzi wa kwanza ulikwenda kama harusi ambayo kila mtu amealikwa. Karatasi ya kura ilikuwa kubwa kama shuka, imejaa sura, na niliona mzee mmoja akiikunja kwa uangalifu ili aende nayo nyumbani, maana hakuwahi kupewa picha nyingi namna ile bure. Aliyeshinda alikuwa amegawa chumvi jimbo zima. Wapiga kura wetu wana tabia ya kumwita mbunge kwa kile alicholeta, si kwa jina alilopewa na babaye, kwa hiyo wa kwanza akawa Tata Chumvi. Alikwenda Kinshasa, na aliporudi kutusalimia alikuwa amevaa miwani na amesahau njia. Chumvi yenyewe ilikuwa nzuri, lazima nimtendee haki.

Kabla ya uchaguzi wa pili Tata Ilunga alistaafu akarudi kwao kulima. Aliniachia ramani, mfuko wa unga na ile buji. Nikabaki peke yangu na jimbo zima, na bahati mbaya yangu ni kwamba nilianza kwa ushindi.

Kwenye njia ya kwenda Fungurume kulikuwa kumechipuka kijiji kipya. Msaidizi wa mgombea mmoja alikuja ofisini kukiombea kituo cha kupigia kura, akisema kina watu wengi sana. Nilikwenda asubuhi. Nilikuta nyumba za nyasi mbichi, zote zimegeuza uso barabarani kama zinapigwa picha. Hakuna moshi, hakuna kuku, hakuna choo hata kimoja. Ndani ya nyumba moja nilimkuta mlinzi amelala, na nilipomwuliza mama zake na dada zake wanapikia wapi alifikiri kidogo, akasema wanafunga kula kwa ajili ya maombi. Nikakifuta kile kijiji. Ofisi nzima ilicheka wiki mbili, mkuu wangu akanipongeza mbele ya watu, nami nikanunua kalamu ya wino mwekundu. Penseli niliiona ni ya waoga.

Mwezi wa kumi na moja ulinikuta njia ya Kasonge. Kasonge iko ng'ambo ya mto, na wakati huo ulivukwa kwa magogo mawili yaliyolazwa. Niliiacha pikipiki upande huu nikavuka kwa makalio, nasema ukweli, kwa sababu magogo yalikuwa yameota utelezi. Nikasimama mbali kidogo kama nilivyofundishwa. Nyumba zilikuwepo, nyumba za kweli za matofali ya udongo, lakini hapakuwa na moshi. Nikakaribia. Milango imefungwa kwa kamba za magome ya miti. Kuku hakuna. Shule ya nyasi ilikuwa wazi na ubao wake mweusi hauna hata alama ya chaki. Niliita mara tatu, nikajibiwa na ndege. Niliona vyoo vimefagiwa na mifagio imeegemezwa ukutani vizuri, na jambo hilo lingenizindua kama ningekuwa mtu wa kuzinduliwa. Lakini wingu la mvua lilikuwa linapanda na nilikuwa na magogo mbele yangu. Nikafungua ramani nikaandika kwa wino mwekundu: hakuna watu.

Nilipofika Manika nilipitia sokoni. Ulikuwa msimu wa viwavi, mama wachuuzi wamejipanga na mabeseni yao, nami nikachukua kipimo kilichojaa. Mke wangu alivikaanga kwa nyanya na vitunguu, nikavila na bukari, ugali wetu, hadi nikalamba vidole. Nilimsimulia kuhusu kijiji kilichohama. Aliniuliza kimehamia wapi, nikamwambia hilo si la ofisi yetu.

Siku ya uchaguzi wa pili nilipangwa kusimamia kituo cha kijiji cha upande huu wa mto, mkabala na Kasonge. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kufikia saa nne magogo yalikuwa chini ya maji, na ng'ambo ya mto nikaona watu. Walikuwa wengi, wamesimama chini ya miavuli na majani ya migomba, wengine wameinua kadi zao za kupigia kura ili tuzione. Nikamwuliza mwalimu wa pale hao ni akina nani. Akanitazama kama mtu anayejaribiwa akili, akasema ni batu ba Kasonge, wameambiwa mwaka huu kituo chao kimeondolewa, ndiyo sababu wanataka kuvuka.

Nilijaribu kutafuta mtumbwi. Haukuwepo. Niliita ofisi kwa simu, mtandao ulikuwa umekimbia mvua. Walisimama pale mchana kutwa. Walikuwa wakiimba kidogo, wakinyamaza, wakiimba tena, na saa ya kufunga kituo ilipofika aliyefunga mlango ni mimi. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimeona aibu za aina nyingi, nyingi zikiwa za watu wengine. Ile ilikuwa yangu, na ninaisikia mpaka leo ninapoona mwavuli.

Mbunge wa pili akawa Tata Matole, kwa sababu alileta matole, yaani mabati. Tofauti na mwenzake, huyu alitimiza ahadi. Alichukua orodha yetu ya vituo, na kila kijiji chenye kituo kikapata mabati ya shule. Orodha ilikuwa kazi ya mikono yangu, safi, haina doa. Kasonge haikuwemo, basi watoto wa Kasonge wakaendelea kusoma chini ya nyasi, na mvua ikinyesha wanarudishwa nyumbani. Nililijua jambo hilo nikanyamaza. Nilijiambia nitarekebisha kimyakimya wakati wa kuandaa orodha mpya, bila kumsumbua mtu. Mnamjua mtu huyo, vijana wangu, kila ofisi inaye.

Ndipo alipokuja Mama Shefu. Ndiye mwenye Kasonge: alirithi kijiji na jina kutoka kwa mjomba wake, na kwao mwanamke kuwa shefu si ajabu. Alipanda lori la makaa mpaka mjini, akachukua taxi-moto, pikipiki ya abiria, mpaka ofisini, akaingia na kitambaa cha kichwa kilichonyooka kana kwamba ametoka nyumba ya pili. Aliuliza ni nani anayechora vijiji. Wote wakanionyesha, upesi kuliko nilivyopenda. Akaketi mbele yangu, akafungua kifurushi cha majani, akakiweka juu ya ramani yangu. Vilikuwa viwavi vikavu.

"Tata, ulikuya kwetu mwezi gani?"

"Mwezi wa kumi na moja, Mama."

"Na weye, ule mwezi, unakulaka nini?"

Nilivitazama vile viwavi. Sijawahi kuelewa jambo kwa haraka namna ile. Mwezi wa kumi na moja watu wa Kasonge hufunga milango yao kwa kamba, huchukua watoto, kuku na masufuria, na kuhamia kambi za porini kuokota viwavi, halafu viwavi hivyo husafirishwa mpaka Manika, ambako karani wa ramani huvila na bukari huku akimweleza mkewe kwamba Kasonge haina watu. Mimi mtoto wa Katanga, niliyelelewa kwa chakula hicho, sikuwahi kujiuliza ni nani anayekiokota na siku hizo moshi wake uko wapi. Moshi ulikuwepo. Ulikuwa porini.

Nilimwambia ukweli wote, kalamu nyekundu na yote. Nilitarajia makaripio. Alicheka kwanza, kicheko kirefu cha kutikisa mabega, na wenzangu wakacheka naye. Kisha akaacha kucheka akauliza nitafanya nini. Alisema mbunge haoni kijiji, anaona orodha tu, na uchaguzi mwingine ukipita hivi shule yao itakuwa nyasi mpaka watoto wale wawe na watoto. Alinisukumia kifurushi akaondoka.

Nilikwenda kwa mkuu wangu. Alikuwa mtu mwema, mpenda amani, hasa amani yake. Kijiji kilichofutwa, alinieleza, hakirudi hivihivi, lazima iandikwe barua ya kueleza kosa, na barua kama hiyo hupanda ngazi nyingi na kila ngazi huuliza maswali. Kuna njia fupi: tukiandikishe kama kijiji kipya, tukiite Kasonge Mpya, na hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na kosa. Fomu moja tu. Nilitoka mle nimepona. Nikapanda pikipiki siku ileile kumpelekea Mama Shefu habari njema.

Alinipokea barazani na watu wake wamekaa pembeni, wengine ni wale wa miavuli. Nilisoma fomu, nikaeleza jinsi ilivyo rahisi.

"Shiye hatuko batu bapya," alisema Mama Shefu. "Bankambo betu balizikwa hapa. Kijiji kipya, kesho mutu anakuya, anasema mulifika jana, mutoke. Weye andika tu kama ulijidanganya."

Sote tunajua mambo ya huku kwetu. Ardhi ya Lualaba inapendwa na wengi kwa ajili ya kilicho chini yake, na anapokuja mtu na ramani kuuliza nani alikuwa hapa tangu zamani, karatasi ndiyo inayojibu. Mimi nilidhani ninabishania kituo cha kura na mabati. Yeye alikuwa anashika makaburi ya mababu na wajomba zake. Basi niliketi palepale barazani nikaandika barua kwa mkono wangu, kwamba Kasonge ipo na ilikuwepo, kwamba mimi ndiye niliyeifuta bila kumwuliza mtu, na kwamba nilikosea. Iliishia nusu ukurasa. Kukiri kosa hakuhitaji karatasi nyingi, nilishangaa.

Nilipotaka kuondoka akanizuia. Alisema barua ni nzuri, lakini karatasi nimeshaonyesha ninavyozitendea. Alitaka kitu kingine.

"Andikisha jina yako hapa. Siku batatufuta tena, batakufuta na weye."

Watu wakapiga makofi, na sauti ya mama mmoja nyuma ikasema tumpokee Tata Gome. Jina likaganda hapohapo.

Barua ilipanda ngazi, maswali yakashuka. Kwa muda fulani nilihamishiwa stoo kulinda masanduku ya kura matupu, kazi yenye utulivu mwingi, ndipo nilipojifunza kucheza drafti vizuri. Lakini Kasonge ilirudi kwenye orodha kwa jina lake la zamani. Na wakati wa kuandikisha wapiga kura ulipofika, nilikwenda Kasonge kwa pesa zangu za mafuta, nikapanga mstari, nikaweka kidole kwenye mashine. Kadi yangu ikatoka na jina la kituo: Shule ya Kasonge. Mke wangu aliiona akauliza kama nina mke wa pili ng'ambo ya mto.

Uchaguzi wa tatu ndio niliofurahia kuliko yote. Wagombea waliona Kasonge kwenye orodha, wakaanza kuja. Mama Shefu aliwapokea wote kwa namna moja. Aliwatumia ujumbe kwamba atawasikiliza, lakini mkutano uko ng'ambo, na gari haliwezi kuvuka. Kila mgombea akalazimika kupita kwenye yale magogo mawili mbele ya kijiji kizima. Mmoja aligeuza gari akaahidi kurudi. Mwingine alibebwa mgongoni na mlinzi wake, na wazee wakanong'ona kwamba afadhali mlinzi ndiye awe mbunge. Wa mwisho alikuwa mwanamume mnene, mchuuzi wa samaki wakavu, aliyevua viatu, akaviweka kichwani, akaanza kuvuka akijiombea kwa sauti. Katikati akateleza. Alipoibuka maji yalikuwa shingoni, viatu vinakwenda na mto, naye anacheka kuliko waliokuwa wanamcheka. Aliuhutubia mkutano akiwa amevaa kitenge alichoazimwa na Mama Shefu, na hotuba yake ilikuwa fupi: daraja hili nimelielewa.

Alishinda. Ndiye Tata Mayi, yaani Baba Maji, na mkipita Kasonge leo mtavuka kwa daraja la vyuma, na ng'ambo mtaiona shule ina mabati. Siwaambii kwamba ni mbunge bora. Alilala sana bungeni, tulimwona kwenye televisheni. Lakini daraja linabeba lori.

Nilistaafu muda mfupi kabla ya uchaguzi uliopita, kwa hiyo kwa mara ya kwanza sikuwa na kituo cha kusimamia, nilikuwa mpiga kura tu kama watu wengine. Nilivaa suti. Nilifika Kasonge asubuhi, na kwa mazoea nikasimama kwanza kwenye kilima cha upande huu kuhesabu moshi. Ulikuwa mwingi, kwa sababu mwaka huo Mama Shefu alikuwa amewaamuru wote warudi kutoka kambini kwa siku tatu, viwavi visubiri. Yeye mwenyewe, mzee sasa na macho hayaoni vizuri, alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele karibu na mlango wa darasa.

Zamu yangu ilipofika nilimpa kadi msimamizi, kijana mwalimu mgeni aliyeletwa kutoka mjini. Akapekua orodha. Akapekua tena. Akaniuliza jina langu, nikamtajia. Akaanza upya kwa kufuatisha kila mstari kwa kidole. Kisha akasema kwa adabu kubwa kwamba nimsamehe, kadi ni ya hapa, lakini kwenye orodha sipo.

Msiniulize jina lilipotelea wapi. Nilifanya kazi hiyo, najua ukurasa unavyoweza kubaki kwenye mashine bila mtu kuwa na nia mbaya. Lakini nilisimama pale na suti yangu, miaka yangu yote ya orodha mgongoni, na nikahisi kile walichohisi wale waliosimama chini ya miavuli. Nilianza kumweleza kijana kanuni ya waliosahaulika, ile inayoruhusu mwenye kadi ya kituo aongezwe kwa mkono.

Mama Shefu aliuliza kuna nini. Alipoambiwa, mabega yake yakaanza kutikisika kama siku ile ofisini, na kicheko kikapita benchi lake, kikapita mstari mzima mpaka nje uwanjani.

"Tata Gome," alisema, akipangusa macho kwa ncha ya kitenge, "leo njo unakuwa mutu wa Kasonge."

Kisha akamgeukia msimamizi akamwambia kwamba ananijua, na kwamba kama anataka mashahidi, wako nyuma yangu kwenye mstari, achague. Kijana akavuta karatasi ya nyongeza. Niliinama kumtazama mkono, kwa mazoea tu. Aliiacha penseli iliyokuwa mezani, akachukua kalamu, na jina langu akaliandika kwa wino.